Uvimbe Usiouma

Saluni yao ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, wa mbele kwa wateja na wa nyuma kwa maji machafu. Ndani mlikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, drai moja ya kusimama ya kukaushia nywele, na rasta za kusukia zilizoning'inizwa ukutani kwa rangi zake. Mwenye saluni aliitwa Vidole. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini ungemuuliza mteja yeyote asingelijua. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu, na misuko yake ilikuwa ile midogo midogo inayomaliza siku nzima.

Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja, mwenye miaka thelathini na sita. Huyu walimwita Kasuku, kwa sababu mkono wake ulipokuwa ukisuka, mdomo nao ulikuwa kazini.

Sasa, watu huiona kazi ya kusuka kuwa nyepesi. Wewe jaribu kuinua mikono juu ya kifua tangu asubuhi hadi jua lizame, ndipo utajua. Bega linakaza, shingo inakaza, kwapani panavuta. Wasusi huita hayo fundo la kazi, na dawa yake wanayoijua ni moja: taulo la maji ya moto, mafuta kidogo, kisha mwenzako akuchue mpaka uombe msamaha. Kila jioni kabla ya kufunga, wale ndugu wawili walichuana hivyo.

Kwa hiyo siku Vidole alipogusa kitu kigumu pembeni mwa ziwa la kushoto, upande wa kwapa, hakushtuka. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi.

"Nimepata fundo lingine," alimwambia mdogo wake.

Kasuku akalichua. Kesho yake akalichua tena. Mafundo mengine yalikuwa yakilegea baada ya siku tatu, lakini hili halikulegea. Wiki zikapita, mwezi ukaisha, wa pili ukaingia.

"Hili fundo lina kiburi," Kasuku alisema jioni moja huku akikamua taulo. "Kwani linauma?"

"Haliumi hata kidogo."

"Basi liache lijichokee. Lingekuwa baya lingeuma."

Hapo ndipo walipokosea, tena wote wawili na kwa moyo safi kabisa.

Kwa mdomo Vidole alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu. Kila asubuhi akioga, mkono ulikwenda wenyewe pale pale. Alianza kuvaa nguo huku amempa mume wake mgongo. Mteja akimwuliza jambo, ilibidi aulize mara mbili. Alikuwa akimkumbuka mama yao mdogo, aliyefariki wao wakiwa wasichana. Mama mdogo alikuwa na kidonda kifuani. Aliumwa nini hasa, nyumbani hapakusemwa. Mama yao alikuwa akisema tu "ugonjwa ule," na watoto walijifunza kutouliza.

Mambo yakalipuka Alhamisi, saa sita mchana. Kitini alikaa nesi wa kliniki ya wanawake, mteja wao wa siku nyingi. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine imesimama juu kama aliyeona jini. Kasuku, kwa ule mdomo wake, akapaza sauti kutoka kwenye beseni.

"Dada, leo tukimaliza mapema nikuchue lile fundo lako la kwenye ziwa."

Nesi alimtazama Vidole kupitia kioo. "Fundo la wapi?"

"Achana naye, Nesi. Ni fundo la kazi tu."

"Nimeuliza la wapi."

Vidole akaonyesha kwa kidole, juu ya blauzi. Nesi akauliza limekaa muda gani. Miezi miwili na zaidi. Linaongezeka? Labda, kidogo. Nesi akasimama na nusu kichwa chake, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akanawa mikono.

"Twende nyuma ya pazia," alisema.

Alimgusa taratibu kwa ncha za vidole vitatu, ziwa moja kisha la pili, mpaka kwapani. Alimwambia ainue mikono, aishushe. Alitazama ngozi kama imebonyea, akatazama chuchu. Vidole alikuwa akitazama dari.

"Nesi, ni nini?"

"Sijui. Na mtu yeyote akikuambia anajua kwa kugusa tu, usimwamini. Mkono unaweza kusema kuna uvimbe. Hauwezi kusema ni uvimbe wa aina gani. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, dada yangu. Lakini hakuna namna ya kujua mpaka upimwe."

Alilitaja lile neno hivi hivi, kama mtu anavyotaja malaria.

"Lakini haliumi, Nesi."

"Ndiyo maana ninakuharakisha. Saratani ya titi ikianza, mara nyingi haiumi. Wanawake wengi wanasubiri maumivu, na maumivu yakija wamechelewa. Na hayo mataulo ya moto acheni. Taulo halitibu uvimbe, linakupotezea siku tu. Kesho saa mbili asubuhi nikukute kliniki."

"Kesho ni Ijumaa. Nina vichwa vitano."

"Vichwa vitano havina haraka. Wewe ndiye mwenye haraka."

Akarudi kitini. Vidole alimalizia ile nusu iliyobaki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosea kugawa mistari. Nesi aliona kwenye kioo. Kasuku naye siku hiyo hakusema neno mpaka jioni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nyumbani walikuwa wakiishi na mama yao, mwanamke wa miaka sitini na tano, mnyoofu, mkali kidogo. Vidole alimweleza jikoni wakichambua mboga. Mama aliendelea kuchambua. Alipomaliza jani la mwisho alisema bila kuinua uso:

"Usiende."

"Mama, nesi amesema..."

"Mama yenu mdogo alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Tulimrudisha amebebwa. Walimchoma sindano pale pale kwenye uvimbe, ukasambaa mwili mzima. Mimi nilikuwepo, nesi wako hakuwepo. Na usimwambie mtu. Maneno hayo hayatoki nje ya nyumba hii."

Ijumaa Vidole hakwenda kliniki. Alizima simu, akasuka vichwa vitano mfululizo. Mteja mmoja alilalamika kuwa anavutwa sana. Jioni Kasuku alipomnyooshea taulo, Vidole alilisukuma kwa hasira.

"Si umesikia tuache?"

"Nimesikia pia uende kliniki," alijibu Kasuku. "Umekwenda?"

Vidole akaketi kwenye kiti cha wateja. Akalia, na mdogo wake akamshika kichwa.

Jumamosi alasiri Nesi alibisha hodi nyumbani. Aliketi sebuleni, akaamkia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Basi umenirahisishia. Sikuja kubishana na wewe, mama. Nina swali moja tu. Mdogo wako alikaa na kidonda muda gani kabla hajaenda hospitali?"

Mama alitengeneza pindo la nguo yake. Mlangoni alisimama mume wa Vidole, seremala, na vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Hakuwa amejua lolote. Alikuwa akisikia hapo hapo.

"Kabla ya kidonda kulikuwa na donge," mama alisema hatimaye. "Donge lilikaa mwaka mzima. Kidonda miezi sita."

"Na nani alijua?"

"Mimi." Sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuwa namfulia vitambaa vya kidonda. Aliniapisha nisiseme. Nami nikanyamaza."

Vidole hakuwahi kumwona mama yake akilia, na sasa alikuwa akilia mbele ya mgeni, bila hata kujifuta.

Nesi alihama kiti akaketi karibu naye. "Mama, hukumwua mdogo wako. Hamkuambiwa la kufanya, na wakati ule wengi hawakuambiwa. Lakini si sindano iliyomwua. Sindano ya kuchukua kinyama haisambazi saratani. Inachukua kipande kidogo kikaangaliwe, basi. Alipochomwa, ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwaka na nusu. Watu wanaona fulani amekwenda hospitali akafa, wanasema hospitali imeua. Hawahesabu ile miezi aliyojificha."

"Na huyu?" Mama alimwelekeza kidole Vidole. "Huyu ana miezi mingapi?"

"Miwili na nusu. Sitaki iwe mitatu."

Mama alijifuta uso kwa pindo la nguo. Kisha akamgeukia mkwewe pale mlangoni. "Baba, Jumatatu utaacha mbao zako umpeleke mkeo."

"Nitampeleka," alisema Seremala. Akamtazama mkewe. "Ndiyo maana ulikuwa unanipa mgongo? Mimi nikadhani nimekukosea nini."

Vidole alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Jumatatu walikwenda watatu, Kasuku akiwa wa tatu. Kliniki ilikuwa na mabenchi marefu ya mbao na dirisha la mwandishi wa kadi, na kila mwanamke alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Daktari mwanamke, mfupi, mwenye miwani, alimchunguza Vidole matiti yote mawili na makwapa. Alimwuliza maswali: kuna ndugu wa damu aliyeugua? Chuchu inatoa maji au damu? Imeingia ndani? Ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa? Ziwa moja limebadilika kuliko lingine?

"Hizo zote ni dalili za kumleta mwanamke hapa hata kama haumwi," alisema. "Wewe una uvimbe, na una mama mdogo aliyeugua. Umefanya vizuri kuja."

Wakampiga picha ya matiti kwa mashine, ile iitwayo mamografia. Ziwa linabanwa kati ya vibao viwili. Linabana kweli, tusidanganyane, lakini ni muda mfupi tu. Kisha ultrasaundi, kipimo cha kupaka jeli na kupitisha kifaa juu ya ngozi. Kisha wakamganzisha na kuchukua kinyama kwa sindano. Vidole alimshika Nesi mkono kwa nguvu zote za msusi.

"Nitahitaji vidole hivi kesho," Nesi alimwambia. "Nina watu wa kuwapima."

Huko nje Kasuku alikuwa hajatulia. Nesi alipotoka alimdaka.

"Na sisi wazima tunafanya nini? Tunasubiri mpaka tuote uvimbe?"

"Hapana. Kwanza yajue matiti yako. Ukioga, ukivaa, ujue yalivyo, ili yakibadilika ugundue. Usisubiri mwezi, njoo. Pili, kuna picha ya matiti kwa wanawake wasio na dalili yoyote. Kuna wanaoanza arobaini, kuna wanaoanza hamsini, inategemea nchi na hali ya mtu. Wewe dada yako akikutwa na kitu, mwulize daktari uanze lini. Usijipangie."

"Sawa."

"Na tatu, mlango wa kizazi. Umewahi kupimwa?"

Kasuku alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siumwi huko."

"Hakuna aliyesema unaumwa. Saratani ya mlango wa kizazi inatokana na kirusi ambacho watu wengi hukipata bila kujua. Inachukua miaka mingi kukua. Ukipimwa mapema, zinaonekana zile kasoro ambazo bado si saratani, zinatibiwa, zinaisha. Tunapima kuanzia miaka thelathini, na mwenye virusi vya Ukimwi huanza mapema, ishirini na mitano. Kisha unarudi baada ya miaka michache, kwa tarehe tutakayokupa."

"Wanafanyaje?"

"Kuna kipimo ambacho unapewa kijiti chenye pamba, unaingia chooni, unachukua majimaji ya ukeni mwenyewe. Kuna kingine mhudumu anapaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, penye kasoro panageuka peupe. Hakichukui muda. Na binti wa dada yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Apate chanjo ya kirusi hicho. Inafaa zaidi kabla msichana hajaanza mambo ya wakubwa, kati ya miaka tisa na kumi na minne. Haimharibii uzazi, hao wanaosema hivyo hawajui."

Kasuku aliingia huku akitembea kama anakwenda kunyolewa kwa nguvu. Alitoka baada ya muda mfupi sana.

"Ndiyo hiyo tu?" alisema, karibu kwa hasira. "Miaka yote hii nimeogopa hiyo tu?" Siku chache baadaye alipata majibu yake, hana kirusi, akapewa mwaka wa kurudi. Akatangaza saluni nzima, hata kwa aliyekuja kununua rasta.

Lakini majibu ya Vidole yalikuwa ya wiki mbili, na hizo wiki mbili ndizo zilizokuwa ndefu kuliko miezi yote. Simu ikilia, aliikimbilia. Chakula kilikuwa kikipita bila ladha. Alimpigia pasi binti yake sare ya shule mara mbili kwa siku moja. Alijiuliza nani atamsuka mtoto huyu. Seremala alitengeneza stuli tatu ambazo hakuna aliyeziagiza. Mama aliacha kusema "ugonjwa ule." Hakusema jina jingine pia.

Siku ya majibu, daktari hakuzunguka.

"Ni saratani," alisema.

Vidole alisikia neno, kisha akasikia feni ya darini, kisha hakusikia kitu. Seremala aliweka mkono wake mzito juu ya goti la mkewe.

"Nisikilize sasa, maana nimesema nusu tu," daktari aliendelea. "Ni ndogo. Haifiki sentimita mbili. Kwapani hatujaona dalili kwamba imefika, na tutahakikisha wakati wa upasuaji. Hii ni hatua ya mwanzo. Tutatoa uvimbe wenyewe, ziwa litabaki. Baadaye utapata mionzi kwa wiki kadhaa. Kisha vidonge vya kila siku kwa miaka, kwa sababu aina yako inasikia dawa hizo. Wengi wanaokuja katika hatua hii wanapona na kuendelea na maisha."

Vidole akauliza lililokuwa limemkaa moyoni tangu Jumamosi ile ya sebuleni.

"Daktari, mama yangu mdogo angekuja mapema hivi, angepona?"

Daktari alivua miwani. "Sijui. Huenda. Yeye siwezi kumfikia tena. Wewe nimekufikia."

Akapasuliwa. Kwapani hapakukutwa kitu. Mionzi ilimchosha mpaka akawa analala saa nane mchana kama mtoto, na ngozi ikawa nyeusi na kuwasha. Mkono wa kushoto ulikataa kupanda, ikabidi ajifunze upya, akipandisha vidole ukutani kidogo kidogo kila siku kama alivyoelekezwa. Siku nyingine alikasirika na kila mtu. Kasuku alisuka wateja wa watu wawili, na aliyelalamika kucheleweshwa alielezwa sababu yote bila kufichwa: dada ana saratani, inatibiwa, na wewe je, umejiangalia? Wawili walikwenda kliniki wiki hiyo hiyo.

Mwaka ulipotimia tangu upasuaji, Vidole alirudi kupigwa picha ya kila mwaka. Alikuwa ameshaanza kusuka tena, nusu siku. Mama alisema atamsindikiza. Hakutoa sababu, akavaa viatu.

Walisubiri bega kwa bega kwenye benchi. Vidole aliitwa, akaingia, na alipotoka alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja. Picha zilikuwa safi. Anaendelea na vidonge, anarudi mwakani.

Aligeuka kumwambia mama yake. Benchi lilikuwa tupu.

Mama alikuwa amesimama dirishani kwa mwandishi, mgongo umenyooka, mkoba ameubana kwapani. Mwandishi alikuwa ameshika kalamu.

"Umri, mama?"

"Sitini na sita."

"Una tatizo gani?"

"Sina tatizo lolote," alisema mama. "Ndiyo maana nimekuja."